Kinyama cha mama kilichohifadhiwa kwenye nta: kinaweza kutuambia nini baada ya miaka 12?

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, kwetu ni Rungwe ila naishi Mbeya mjini. Mama yetu alifanyiwa upasuaji wa utumbo mpana mwaka 2013 akiwa na miaka 47, wakasema ni kansa, na mwaka uliofuata akafariki. Wakati ule walikata kinyama wakapeleka maabara, na tuliambiwa kimehifadhiwa. Mjomba wangu, mdogo wake mama, naye alipasuliwa utumbo mpana mwaka juzi akiwa na miaka 51, anaendelea vizuri. Sasa ukoo mzima tuna wasiwasi. Wengine wanasema ni dawa za kupulizia viazi, maana mama na mjomba wamelima viazi tangu utoto. Wengine wanasema ni mambo ya ukoo, tukafanye tambiko. Nimesoma kwamba siku hizi kuna njia mpya za maabara za kusoma epijenetiki kwenye vinyama vya zamani, na kwamba epijenetiki inaonyesha sumu iliyomwingia mtu na jinsi watoto wanavyoirithi. Je, naweza kuchukua kinyama cha mama nikakipeleka kupimwa, nijue kilichomuua ni nini, na kama mimi na wanangu tumerithi? Naogopa kitakuwa kimeoza. Nikikipata nikiweke kwenye friji? Ndaga fijo."*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa mama, na pole kwa miaka yote hii ya kukaa na swali usilojua umuulize nani. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa kitita kimoja: kinyama bado ni kizima? Kinaweza kutaja kilichomuua mama? Na ninyi mmerithi? Nitayafungua moja moja, ila nikudokeze mapema usije ukachoka njiani. Kinyama cha mama huenda bado kinafaa. Suala la dawa za viazi hakitalijibu, hata kikipelekwa maabara bora kuliko zote duniani. Suala la urithi kinaweza kulisogeza mbele sana. Na sampuli bora kuliko zote katika barua yako si ya mama. Umeitaja mwenyewe, ukapita.

Tuanze na friji: usikiweke humo. Pengine akilini unaona kipande cha nyama kinachoelea kwenye chupa. Chupa hiyo haipo tena. Nyama inayobaki kwenye dawa hutupwa wiki chache baada ya majibu kutoka. Kinachotunzwa ni bloku. Kinyama kikitoka chumba cha upasuaji hutiwa kwenye fomalini, kikalala humo, kisha kikaondolewa maji kwa spiriti inayoongezwa ukali hatua kwa hatua, kikapitishwa kwenye zailini, mwishowe kikazamishwa kwenye nta ya parafini iliyoyeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 60. Nta ikiganda unapata kitu chenye upana wa kiberiti, ila chembamba zaidi, kimeshikiliwa na kikasha cha plastiki chenye namba iliyoandikwa kwa penseli. Ni penseli kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti, na bloku isiyo na namba ni ya hakuna mtu. Bloku hukaa kwenye droo, kwa joto la kawaida la chumba, penye ukavu. Ukiigandisha, nta na nyama vinaweza kupasuka. Hali ya hewa ya Mbeya ni rafiki wa bloku kuliko ya Dar es Salaam. Adui zake huku ni panya, unyevu wa masika, na mtu anayesafisha stoo bila kuuliza.

Kuoza hakiozi. Swali la kweli ni fomalini imekifanya nini.

Ferdinand Blum, Mjerumani, aliitambua nguvu ya fomalini mwaka 1893 baada ya kuona ngozi ya vidole vyake mwenyewe imekakamaa kwa kuishika. Inachofanya ni kujenga vidaraja. Molekuli zake ndogo hushika protini upande huu na protini nyingine upande ule, au protini na DNA, mpaka kila kitu ndani ya seli kinasimama kilipokuwa. Ndiyo sababu miaka 12 baadaye ninaweza kutazama seli za mama yako kwenye darubini zikiwa na umbo lilelile. Lakini dawa hiyohiyo ina gharama. Fomalini iliyokaa muda mrefu bila kuwekewa chumvi za kudhibiti asidi hugeuka polepole kuwa asidi ya fomiki, na asidi hukata DNA. DNA ya damu mbichi tunaipata katika nyuzi ndefu za maelfu kwa maelfu ya herufi, yaani zile kemikali nne, A, C, G na T, ambazo DNA imeandikwa kwazo. Ya bloku ya zamani mara nyingi ni vipande vya herufi 100 hadi 300 tu.

Kwa hiyo umri wa bloku haunitishi sana. Zinanitisha siku zake za kwanza. Fomalini hupenya nyama kwa kasi ya takribani milimita moja kwa saa, na inatakiwa iwe mara 10 ya ujazo wa nyama. Muda unaopendekezwa kwa vipimo vingi vya saratani ni saa 6 hadi 72. Sasa fikiria mambo yetu ya huku juu. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi hii, maabara niliyokuwepo ilipokea kopo la asali lililokuja kwa basi kutoka wilaya ya mbali. Ndani walikuwa wamesukuma kipande kikubwa cha utumbo, fomalini imebaki kama vijiko vitatu, na kinyama kilishakaa humo wiki tatu kikisubiri mtu wa kulipa nauli ya kifurushi. Kwa nje kilikuwa kigumu kama soli ya kiatu. Katikati, nilipokikata, kilikuwa cha kijani na kinanuka, kwa sababu dawa haikufika huko kabisa. Kinyama kimoja, makosa mawili yanayopingana: nje kimeiva kupita kiasi, ndani kimeharibika. Kinyama cha mama yako kama kilichukuliwa hospitali yenye maabara yake, kikapitishwa kwenye mashine kesho yake, nina matumaini nacho. Kama kilisafiri, tutajua tukikikata.

Sasa epijenetiki. Neno hili limeingia mitandaoni kwa kishindo na limebebeshwa mizigo isiyo yake. Chukua kanga. Nyuzi zake na maandishi yake ni yaleyale ukiifunga kiunoni, ukibebea mtoto, ukijitanda kichwani au ukiifanya kata ya kubebea ndoo. Kinachobadilika ni mkunjo: maneno fulani yanaonekana, mengine yamefichwa ndani. Seli ya utumbo na seli ya jicho zina DNA moja, maandishi yaleyale, lakini kila moja imekunja na kuficha sehemu tofauti. Epijenetiki ni elimu ya mikunjo hiyo na ya vibanio vinavyoishikilia.

Vibanio viko vya aina mbili kubwa, na kwa kinyama cha zamani tofauti yake ni muhimu. Kibanio cha kwanza ni alama ya methili: kaboni moja na haidrojeni tatu, imebandikwa juu ya herufi C ya DNA yenyewe. Mahali pa kuwashia jeni pakijaa alama hizi, jeni huzimwa. Alama hii imeungwa na DNA kwa muungano imara, na fomalini haiing'oi. Kibanio cha pili kiko kwenye histoni, protini ambazo DNA imezizunguka kama uzi kwenye kibao cha fundi. Hizi zinasomwa kwa kutumia kingamwili kinachotambua alama fulani ya histoni na kuishika. Fomalini nayo imeshazifunga protini hizo kwa vidaraja. Ni kama kanga iliyotiwa wanga mwingi ikakaukia kwenye mikunjo yake: mikunjo imehifadhiwa vizuri sana, lakini mkono hauingii.

Kwa alama za methili, njia ya msingi imekuwapo tangu 1992, Marianne Frommer na wenzake walipoitangaza Australia. DNA inatiwa kwenye chumvi ya baisalfaiti. C isiyo na methili hugeuzwa kuwa U, ambayo mashine itaisoma kama T. C yenye methili inabaki C. Kwa hiyo ukilinganisha kabla na baada, unajua kipi kilikuwa na alama. Ni ujanja mzuri mno. Tatizo ni kwamba kazi hiyo inataka asidi na joto, na DNA ambayo tayari ni vipande inazidi kukatika. Jambo lililobadilika karibuni ni kwamba mageuzi hayohayo sasa yanaweza kufanywa na vimeng'enya, kimoja cha kulinda C yenye alama na kingine cha kugeuza isiyo na alama, bila kuitesa DNA. Njia hiyo ilichapishwa kikamilifu mwaka 2021, na kwa bloku zenye nyama kidogo ni nafuu kubwa.

Kuna mtego mmoja ambao hata watu wa maabara huusahau. Fomalini na muda vyenyewe hugeuza baadhi ya C kuwa U. Kama C hiyo haikuwa na alama, hasara ni ndogo, kwani baisalfaiti ingeigeuza vilevile. Lakini C yenye methili ikiharibika kwa namna hiyo haiwi U, inakuwa T moja kwa moja, na sisi tutasoma "hapakuwa na alama" mahali palipokuwa nayo. Na kwa anayetafuta mabadiliko ya jeni, T hizo za bandia zinaonekana kama ugonjwa. Ukiletewa jibu la bloku ya zamani lenye orodha ndefu ya "mabadiliko", uliza kwanza kama DNA ilisafishwa U kwa kimeng'enya kabla ya kusomwa, na kama jibu limerudiwa.

Kwamba alama hizi zinasomeka kwenye nta si nadharia tena. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa kutoka Heidelberg, Ujerumani, ilionyesha kwamba uvimbe wa ubongo unaweza kuainishwa kwa ramani yake ya methili, ikiwemo kutoka kwenye bloku za nta, na katika wagonjwa zaidi ya 1,000 waliofuatwa, karibu asilimia 12 walibadilishiwa jina la ugonjwa. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uchunguzi huo kwenye uainishaji wake wa mwaka 2021. Hapo epijenetiki ya kinyama inagusa tiba ya mtu halisi.

Kwa histoni ndiko kwenye habari mpya ulizosoma. Watafiti wa Italia walifungua mlango mwaka 2010 kwa kuonyesha kwamba kromatini, yaani DNA ikiwa bado imezizunguka histoni zake, inaweza kutolewa kwenye nta na bado kingamwili kikaitambua, ila walihitaji nyama nyingi. Mwaka 2023 Steven Henikoff na wenzake wa kituo cha Fred Hutchinson, Seattle, walitangaza njia iliyo nyepesi zaidi. Kinyama kinapashwa joto ili vidaraja vilegee, kingamwili kinaingizwa, na nyuma yake kinafuata kimeng'enya kinachokata DNA hapohapo kilipofika na kubandika kipande cha utambulisho kwenye mkato. Ninachokipenda ni kwamba njia hii inapendelea vipande vifupi, na sehemu za DNA zilizo wazi na zinazofanya kazi ndizo zinazotoa vipande vifupi. Udhaifu wa bloku ya zamani haukwamishi kazi kama zamani. Mashine za Oxford Nanopore nazo zinasoma methili moja kwa moja bila kugeuza herufi, lakini sifa yake kubwa ni kusoma nyuzi ndefu, na kwenye nta nyuzi ndefu hakuna. Mimi singeanzia hapo.

Hizi za histoni, binti yangu, bado ni za utafiti. Hakuna daktari atakayekubadilishia ratiba ya vipimo kwa sababu ya ramani ya histoni ya mama yako. Nimezieleza kwa sababu umeziuliza, na kwa sababu ni kazi nzuri. Kwako wewe yenye faida ni ile ya zamani, ya methili, tena kwenye jeni moja tu.

Nikupe kisa kwanza. Mwaka 1895 daktari Aldred Warthin wa Michigan, Marekani, alikuta fundi cherehani wake amejaa huzuni. Akamuuliza. Yule mama akamwambia atakufa mapema kwa saratani ya utumbo au ya viungo vya uzazi, kwa sababu ndivyo wanavyokufa kwao. Alikufa kwa saratani ya mfuko wa uzazi. Warthin alifuatilia ukoo wake na kuuandika mwaka 1913, na ugonjwa wenyewe baadaye ulipewa jina la Henry Lynch, daktari aliyeufuatilia miaka mingi. Fundi cherehani aliuona kabla ya madaktari, kama ukoo wako ulivyouona.

Ugonjwa wa Lynch unatokana na kuharibika kwa moja ya jeni za kusahihisha makosa ya DNA wakati seli inajigawa: MLH1, MSH2, MSH6 au PMS2. Takribani asilimia 3 ya saratani za utumbo mpana zinatoka huko. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu. Mama yako aliugua akiwa chini ya miaka 50. Kwa hilo peke yake uvimbe wake ulistahili kipimo hiki, na ukimwongeza mjomba, unastahili zaidi.

Kipimo cha kwanza ni cha rangi, wala si cha epijenetiki. Tunakata kipande chembamba cha bloku, mikroni 4 hivi, tunakilaza kwenye slaidi na kukipaka vingamwili vinne, kimoja kwa kila protini ya usahihishaji. Protini ikiwepo, kiini cha seli kinakuwa cha kahawia. Isipokuwepo, kinabaki cha bluu. Kabla ya hapo slaidi huchemshwa ili vidaraja vilegee, na hapa Mbeya ina neno lake: tuko kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, na maelekezo yaliyoandikwa pwani ya nchi nyingine yanataka 97 au 98. Kila mwenye kupika maharage huku anajua habari hiyo. Tunatumia sufuria ya presha, kwa sababu ileile. Nikishapaka rangi, kitu cha kwanza ninachotazama si saratani. Natazama seli za kawaida za jirani, zile za ukuta wa utumbo na za kinga. Zikiwa za kahawia na za saratani ni za bluu, protini imepotea kweli. Zote zikiwa za bluu, kinyama kilihifadhiwa vibaya na jibu halipo. Atakayekuandikia "imepotea" kwa slaidi kama hiyo amekukosea.

Tuseme MLH1 na mwenzake PMS2 zimepotea. Hapo methili inaingia. MLH1 inaweza kupotea kwa njia mbili: jeni imeharibika tangu kuzaliwa, au jeni ni nzima lakini imezimwa na alama za methili ndani ya uvimbe tu, jambo linalotokea zaidi kwa wazee. Ya pili ndiyo inayopatikana mara nyingi zaidi. Tukipima methili ya MLH1 kwenye bloku na kuikuta imejaa, urithi unakuwa na uwezekano mdogo. Tukiikuta haina alama, mashaka ya Lynch yanapanda sana, na hatua inayofuata ni damu. Zikipotea MSH2 na MSH6 badala yake, tunaruka methili, tunakwenda kwenye damu moja kwa moja. Kuna watu wachache sana ambao MLH1 yao imezimwa kwa methili mwili mzima, hata kwenye damu, na huugua mapema. Kwa umri wa mama yako ningependa nyama ya kawaida iliyo jirani nayo ipimwe, si uvimbe peke yake. Kipimo chenyewe hakihitaji DNA ndefu. Kikipangwa kwa vipande vifupi, chini ya herufi 150, bloku ya 2013 inatosha.

Hapo ndipo alama ya epijenetiki kwenye nta inapojibu swali lako la urithi, kwa mlango wa nyuma: ikionekana, inaelekea kusema si urithi. Umesoma kinyume chake, na si kosa lako. Wanaoandika kwamba "epijenetiki inarithiwa" huchukua mfano wa njaa ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945. Ni kweli kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati huo walikutwa na methili pungufu kidogo kwenye jeni ya IGF2 miaka 60 baadaye. Lakini wale walikuwa tumboni. Njaa iliwagusa wenyewe. Kwa binadamu alama nyingi hufutwa mbegu za uzazi zinapoundwa, na tena mara baada ya mimba kutungwa. Alama zilizokuwa kwenye uvimbe wa utumbo wa mama yako mwaka 2013 hazikuwa na njia ya kukufikia wewe, uliyekwisha kuzaliwa na kukua.

Na dawa za viazi? Ningependa nikupe jibu, kwa sababu najua hasira iliyo nyuma ya swali. Yapo mambo ambayo methili inayasoma vizuri: uvutaji sigara huacha alama inayojulikana kwenye jeni ya AHRR katika damu, na umri wa mtu unaweza kukadiriwa, kama Steve Horvath alivyoonyesha mwaka 2013 kwa kutumia sehemu 353 za DNA. Alama hizo zinaaminika kwa sababu zimelinganishwa kwa watu wengi sana ambao historia yao inajulikana. Kwa dawa za kupulizia viazi hakuna alama ya namna hiyo inayoweza kumtambua mtu mmoja mmoja. Zaidi ya hapo, saratani yenyewe huvuruga methili ovyo: hufuta huku, hujaza kule. Ni sawa na kutafuta nyayo za mwizi uani baada ya ng'ombe wote kupita. Sisemi dawa hizo ni salama. DDT, ambayo wazee wa kwenu wanaikumbuka, iliwekwa mwaka 2015 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, na ninaona watu wanapiga bomba la mgongoni wakiwa kandambili na shati la mikono mifupi. Jambo hilo lina sababu za kutosha za kurekebishwa leo bila kusubiri ushahidi wa kinyama cha mama. Na akitokea mtu wa kukuuzia "kipimo cha sumu za kwenye jeni" na virutubisho vya kuzisafisha, usimpe hata nauli.

Sasa ile sampuli. Mjomba yupo hai. Bloku yake ina miaka miwili tu, na zaidi ya yote ana damu. Kama ukoo wenu una jeni iliyoharibika, mahali rahisi pa kuiona ni kwenye damu ya mtu aliyeugua na bado yupo. Ningemwomba yeye kwanza: aende na karatasi zake za upasuaji kwa daktari aliyempasua au kliniki ya saratani ya hospitali ya rufaa, aulize kama uvimbe wake ulipimwa zile protini nne. Kipimo hicho kama hakifanyiki hapo, uliza njia ya kukifikisha kwa wanaokifanya. Ocean Road na Muhimbili ni mahali pa kuuliza. Akikutwa na jeni iliyoharibika, wewe na ndugu zako mtapimwa hiyo tu, na atakayekuwa hana anarudi kwenye hali ya watu wengine. Bloku ya mama inakuwa ya akiba, ya kuthibitisha. Lakini ni akiba ya thamani, kwa sababu mjomba anaweza kukataa, na ana haki ya kukataa. Ana watoto wake, ana hofu zake. Usimwendee kama mtu anayedai deni.

Majibu yakiwa mazuri, usiache vipimo. Majibu ya nta hukosea, hasa ya nta iliyohifadhiwa vibaya, na mama aliyeugua akiwa na miaka 47 ni sababu tosha ya wewe kuangaliwa utumbo mpana kwa kamera kuanzia miaka 37, yaani miaka 10 kabla ya umri wake. Lynch ikithibitika, kamera inaanza mapema zaidi, kwenye miaka ya ishirini, na hurudiwa kila mwaka mmoja au miwili; wewe ungekuwa umeshachelewa na ungeanza mara moja. Watoto wako hawahitaji kupimwa chochote sasa. Ila ukiona damu kwenye choo, choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, ukapungua bila sababu au ukaambiwa huna damu ya kutosha, usisubiri bloku wala mjomba. Hali kadhalika ukitokwa damu ya hedhi isiyo ya kawaida, kwa sababu Lynch hugusa mfuko wa uzazi kama ilivyomgusa yule fundi cherehani.

Kuhusu kuichukua bloku: usitoke nayo mkononi. Peleka barua ya familia na utambulisho wako, uombe maabara ikate vipande ipeleke au itume inakotakiwa, na bloku ibaki yenye rekodi. Kama kuna watafiti watakaoiomba kwa zile njia mpya, wawe na kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na sampuli ikienda nje ya nchi kuwe na mkataba wa kuihamisha. Taarifa za jeni zenu zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kukubali ni jambo jema, ukipenda. Uliza tu kama mtapewa majibu, maana tafiti nyingi hazimrudishii mtu jibu lake.

Tambiko silo uwanja wangu. Lakini kama litawakutanisha wazee wote siku moja, nenda na daftari. Andika nani aliugua nini, akiwa na umri gani, upande gani wa ukoo, na akina mama waliokufa kwa "damu ya tumbo" uwaulizie vizuri. Ukurasa huo utamsaidia daktari kuliko mashine nyingi.

Jambo la haraka ni moja. Kwa viwango vya chama cha wanapatholojia wa Marekani, bloku hutunzwa angalau miaka 10. Ya mama imepita hapo, na droo hujaa. Nenda wiki hii ukiwa na karatasi yoyote ya mwaka 2013, uombe itafutwe kwa namba ya maabara, si kwa jina, kwa sababu daftari za wakati ule ziliandikwa kwa mkono na akina Mwakyusa watatu wanaweza kuwa kwenye ukurasa mmoja. Ukipewa namba, ipige picha. Na kabla hujatoka nyumbani, mpigie mjomba.